Upande wa Pili wa Shuka

"Nunua maziwa au ondoka," Abshiro alisema bila kuinua macho. "Mwanamume hasimami mbele ya vibuyu mikono mitupu. Watu wanatuangalia."

Keinan alichuchumaa, akajifanya kunusa mdomo wa kibuyu kilichokuwa karibu naye. "Ya leo haya?"

"Ya leo. Wewe ndiye wa zamani. Tangu mwezi wa Rajabu hujaonekana."

"Barabara, Abshiro. Siku hizi gari haliendi mpaka liunganishwe na mengine na askari wapande juu. Tumekaa Thika tukingoja hadi mashine ya sinema ikataka kuota kutu. Kila asubuhi namwuliza fundi, leo? Na kila asubuhi ananijibu, kesho."

"Na mimi nilikuwa namwuliza nani?"

Keinan aliacha kunusa kibuyu. Alimtazama Abshiro, naye mara hii hakuyakwepa macho yake. Alikuwa amekonda kidogo. Mtandio wake wa rangi ya zafarani ulikuwa ni ule ule, na ile tabia ya kuuma mdomo wa chini anapozuia hasira ilikuwa ni ile ile. Njia nzima, juu ya lile lori lenye vumbi, Keinan alikuwa ameyapanga maneno mazuri ya kumwambia. Sasa yote yalikuwa yamemtoka.

Karibu nao, Kaltun, dada wa baba yake Abshiro, aliketi amewapa mgongo akivuta tasbihi. Asubuhi ile alikuwa ameamua kuwa kiziwi.

"Watu wa Olow wanafika kesho kwa msafara wa Wajir," Abshiro alisema.

"Olow yupi?"

"Usijitie ujinga. Olow mwenye ngamia. Yule aliyemchimbia baba, Aabo wangu, kisima mwaka wa ukame. Wanakuja kuniposa."

Keinan alikiweka kibuyu chini taratibu. "Na baba yako amewapa neno?"

"Hajawapa. Amewaahidi masikio tu." Alishusha sauti. "Wewe pia amekuahidi masikio, ila hukutakiwa ujue. Leo anakuja kule ghalani kwenye sinema yako. Haji kutazama picha. Anakuja kukusikiliza wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Unaikumbuka ile picha ya mpanda farasi? Adeer wangu, ndugu yake Aabo, aliiona Wajir, Aabo akaiona hapa. Picha ile ile, mfasiri yule yule, wewe. Walipokutana wakasimuliana. Kumbe kule Wajir yule mpanda farasi alikuwa yatima aliyelaaniwa na mama wa kambo. Hapa Garissa alikuwa mtoto wa sultani. Aabo anauliza: hasa alikuwa nani?"

Keinan alijikuna shingo. "Alikuwa mtu wa kupanda farasi tu. Hakuwa na mama wala sultani."

"Umeona!"

"Lakini watu walilia, Abshiro! Wajir walilia mpaka askari akaingia kuuliza kuna msiba gani!"

Mabega ya Kaltun yalitikisika. Abshiro hakucheka.

"Aabo anasema ndoa ni neno. Mtu anatamka neno mbele ya shekhe, na mwanamke anahama nyumba kwa neno hilo. Sasa anayegeuza maneno ya wenzake ili apendwe, neno lake mwenyewe atalishika vipi? Ndiyo sababu yake. Si kazi yako, si umaskini wako, si kwamba kwenu ni Eldas. Ni hilo." Alivuta pumzi. "Usiongeze neno leo. Hata moja. Hata watu wakilala usingizi."

"Walale?" Keinan alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hujaona karatasi iliyobandikwa pale hotelini? Nyota saba katika picha moja! Mpiga Ngumi yumo. Yule mwimbaji yumo. Yule bibi wa macho makubwa yumo. Mji mzima unazungumza. Leo sina haja ya kuongeza kitu."

"Wewe umeshaiona?"

"Bado. Lakini nyota saba, Abshiro!"

Abshiro alimtazama kwa wasiwasi, kama mama amtazamavyo mtoto anayepanda mti. Kisha akamjazia kikombe cha maziwa, akamsukumia. "Kunywa uende. Eddo Kaltun anaanza kusikia."

*

Ghala lilikuwa la ngozi, na ingawa ngozi zilikuwa zimesogezwa nyuma, harufu yake haikusogea. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga wa alasiri usiingie, kwa sababu kafyu ilikuwa saa kumi na mbili na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuonyesha picha baada ya hapo. Chini ya yale mabati watu walitokwa na jasho kabla hata mashine haijawashwa.

Katikati ya ghala lilitundikwa shuka kubwa jeupe, limeloweshwa maji ili mwanga upenye. Upande wa mashine walikaa wanaume. Upande wa pili, nyuma ya shuka, walikaa wanawake. Ndivyo wazee wa mji walivyotaka tangu sinema ya kwanza kufika, na fundi, Mkamba mnene mwenye subira, alikuwa ameshazoea.

Keinan alisimama ukingoni mwa shuka akiwa na tarumbeta la bati la kukuzia sauti. Macho yake yalimtafuta mzee Salat, yakampata mstari wa mbele. Baba yake Abshiro alikuwa mrefu, ndevu amezitia hina, na fimbo yake ameilaza magotini. Alikuwa amekigeuza kiti. Hakulielekea shuka hata kidogo, alimwelekea Keinan.

Nyuma yake alikaa Maalim Nuh, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye alimweleza kila aliyemsalimia kwamba amekuja kuona kinachoharibu watoto.

Taa ilizimwa. Mashine ikaanza kuguruma, na maandishi yakatokea.

Nyuma ya shuka, Kaltun aliyakodolea macho. "Kumbe Kizungu nacho huanzia kulia kama Kiarabu!"

"Hapana, Eddo," Abshiro alimnong'oneza. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. "Sisi tunayaona kwa nyuma."

"Kwa nyuma, kwa mbele, nyamaza tutazame."

Ilikuwa habari ya jumba moja mlimani, kwenye theluji. Wageni saba wakubwa wamealikwa. Mkono wa mtu, uso haukuonekana, ulimimina kahawa. Mpiga Ngumi akachukua kikombe, akanywa, akashika koo, akaanguka chini.

Watu waliinua shingo.

"Amekufa," Keinan alifasiri.

"Ataamka!" mtu alipaza sauti.

"Huyo hafi kwa kahawa," Maalim Nuh alisema kwa sauti ya mtu anayejua, akakumbuka alichojia, akakohoa.

Mpiga Ngumi hakuamka. Alifunikwa kitambaa, akapelekwa chumba kingine, na huo ndio ukawa mwisho wake. Waliobaki waliketi mezani wakaanza kuzungumza. Walizungumza wakila. Walizungumza wakivuta sigara. Yule mwimbaji alikaribia kinanda, watu wakashangilia, lakini alikuja tu kuchukua kiberiti. Bibi wa macho makubwa alitazama nje ya dirisha, akasema kuwa theluji ni nyingi.

"Anasema theluji ni nyingi," Keinan alifasiri.

"Hilo tumeliona! Wanasema nini kuhusu maiti?"

"Hawajasema kitu kuhusu maiti."

"Basi waulize!"

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kizuri. Baadhi walianza kutoka kwenda kuvuta hewa. Wengine walilala. Karanga moja ilirushwa ikagonga shuka, kisha nyingine ikamgonga Keinan kifuani.

Uongo ulikuwa karibu na Keinan kabisa, mtamu, uko tayari. Angesema tu kwamba Mpiga Ngumi hakufa bali amejificha. Angesema bibi wa macho makubwa alikuwa mchumba wake wa utotoni, na kwamba theluji ile imewafungia njia kama vita vilivyowafungia watu wa Garissa barabara zao. Ghala lingetulia. Wangelia, kama walivyolia Wajir. Alifungua mdomo, neno la kwanza likafika ulimini.

Mzee Salat aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetega sikio.

"Anasema," Keinan alimeza mate, "anaomba chumvi."

"Chumvi!" ghala likalipuka. "Tumevaa nguo za Idi kuja kusikia habari ya chumvi!"

Nyuma ya shuka wanawake walikuwa na shida yao nyingine.

"Hebu watazame," alisema Hawo, muuza ubani, ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji tarumbeta. "Wote wanakula kwa kushoto! Watu wakubwa hivi, nguo za hariri, na hakuna aliyefundishwa adabu!"

"Isipokuwa yule," Kaltun alisema.

Yule alikuwa mwanamke mtu mzima, mpishi wa jumba, aliyevaa nguo nyeusi na kujitanda kichwa. Hakuwamo kwenye karatasi ya hotelini. Alikaa pembeni, hakuongea sana, na alikula na kumimina kahawa kwa mkono wa kulia, peke yake katika meza nzima. Wanawake walimpenda papo hapo. Kila alipotokea walimwombea dua.

Abshiro hakuwa akiwasikiliza vizuri. Kwa pembeni mwa shuka aliona kivuli cha Keinan, bega lake na ncha ya tarumbeta, na kila watu walipomzomea alikaza vidole kwenye mtandio wake. Shikilia, alisema moyoni. Shikilia tu, itaisha.

Ikafika mwisho. Mmoja wa wageni, ambaye kumbe alikuwa mpelelezi, alisimama mbele ya moto akawakusanya wote. Waliolala waliamshwa.

"Anasema mwuaji anajulikana kwa mkono," Keinan alifasiri. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Anasema wote hapa hutumia mkono wa kulia. Mtu mmoja tu hutumia wa kushoto, na mkono uliomimina ile kahawa ulikuwa wa kushoto. Mwuaji ni yule mama wa nguo nyeusi."

Wanaume ndio walioanza:

"Nani? Huyo hayumo hata kwenye karatasi!"

"Nyota saba, na mwuaji ni mpishi?"

Lakini kelele za wanaume hazikuwa kitu. Kutoka nyuma ya shuka sauti ya Hawo ilipaa kama ya mtu aliyeibiwa.

"Mwongo! Mfasiri mwongo! Yule ndiye peke yake anayekula kwa kulia! Wengine wote ni wa kushoto! Tumemwona kwa macho yetu!"

"Wallahi tumeona!" wanawake waliitikia. "Amemsingizia mtu mwenye adabu!"

Maalim Nuh alisimama. "Mmesikia? Wanawake wote hawawezi kukosea kwa pamoja. Huyu kijana ni mwongo, na alikuwa mwongo tangu Wajir!"

Wanaume waliikumbatia habari hiyo kwa furaha. Hakuna aliyekumbuka ni mkono upi hasa, nusu yao walikuwa usingizini, lakini ilikuwa afadhali mfasiri awe mwongo kuliko wao kukubali kwamba wamekaa kwenye joto lile kwa ajili ya picha ile. "Mwongo! Mwongo!" Kiatu kimoja kilipaa hewani.

"Sikuongeza neno!" Keinan alisema. Alimgeukia mzee. "Adeer Salat, wallahi sikuongeza neno."

Mzee Salat alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mimi sikutazama shuka," alisema taratibu. "Nilikutazama wewe. Mkono sikuuona. Nina neno lako, na nina neno la wanawake wote hawa, pamoja na dada yangu." Alianza kusimama kama mtu anayeondoka.

Kulia, kushoto. Nyuma ya shuka, Abshiro aliuona tena akilini ule mkono mweupe ukimimina. Akayaona yale maandishi ya mwanzo yaliyokimbia kinyume. Ilimjia mara moja, na palepale akajua itamgharimu nini. Binti ambaye hajaolewa hapazi sauti kwenye baraza la wanaume. Anayepaza kwa ajili ya kijana fulani amejitangaza mwenyewe, na kesho watu wa Olow wangeisikia habari kabla hawajafungua mizigo.

"Aabo!"

Sauti ililivuka shuka, kali, nyembamba. Vichwa vyote viligeukia shuka.

"Naa, una wazimu?" Kaltun alimvuta nguo. "Keti!"

"Aabo, hakudanganya! Sisi ndio tumekaa nyuma! Huku kulia ni kushoto, na kushoto ni kulia. Hata maandishi yamegeuka. Njoo uone mwenyewe!"

Mashine ilibaki ikizungusha utepe mtupu, tiki, tiki, tiki.

Mzee Salat alimgeukia fundi. "Rudisha ile sehemu ya kahawa."

"Mzee, kafyu iko karibu," fundi alisema. "Askari ako hapa mlangoni ananiangalia."

"Rudisha."

Askari wa mlangoni alitazama saa yake, akatazama uso wa mzee, kisha akageuka nje kutazama mbuzi.

Fundi alirudisha. Mkono ukamimina kahawa. Mzee Salat, kwa mara ya kwanza siku ile, alilitazama shuka. "Kushoto," alisema. Halafu akatembea mpaka ukingoni, akagonga fimbo chini mara mbili ili wanawake wajifunike, akapita upande wa pili. Walimpisha. Alisimama karibu na binti yake bila kumtazama. Fundi alirudisha tena, mkono ukamimina.

"Kulia," alisema. "Subhanallah."

"Nilisema mimi kuna jambo," Kaltun alisema.

Mzee alirudi upande wa wanaume. "Picha hii ni mbaya," alitangaza. "Sijapata kuona watu maarufu wengi hivi wakifanya kazi ndogo hivi."

Watu waliguna kukubali.

"Lakini kijana hakusema uongo." Alimkaribia Keinan mpaka wakabaki wao wawili ana kwa ana. "Nilikutazama mdomo. Pale kwenye chumvi, ulikuwa na kitu kingine cha kusema."

"Nilikuwa nacho, adeer."

"Kizuri?"

"Kizuri sana."

"Mbona hukukisema?"

Hapo Keinan aliiona njia nyepesi. Angesema, kwa sababu namwogopa Mungu. Angesema, kwa sababu nimebadilika. Yote mawili yangempendeza mzee, na hakuna ambaye angeyapinga. Alitazama chini, kisha akainua uso.

"Kwa sababu binti yako alinikataza. Aliniambia unakuja kunisikiliza. Nilijua, adeer. Kama asingeniambia, sijui ningefanya nini. Pengine ningekisema."

Nyuma ya shuka, Abshiro alifunika uso kwa viganja. Amekwisha, aliwaza. Amejimaliza mwenyewe, na mimi pamoja naye.

"Ungeweza kunificha hilo," mzee Salat alisema.

"Ningeweza."

Uso wa mzee haukulainika, lakini fimbo aliishusha. "Wazee wako wako wapi?"

"Eldas. Barabara imefungwa. Sina wa kumtuma."

"Hm." Mzee aligeuka. "Maalim Nuh!"

Maalim alikuwa tayari anaelekea mlangoni. "Naam?"

"Umemwita mtu mwongo mbele ya mji, naye si mwongo. Sasa utamfanyia nini?"

"Nitamwomba radhi. Kijana, niwie radhi."

"Haitoshi. Kesho baada ya alfajiri utakuja nyumbani kwangu ukae mahali pa baba yake. Utaniletea posa yake kwa mdomo ule ule."

"Mimi?" Maalim alimkodolea macho. "Mimi nimpeleke mtu wa sinema?"

"Wewe. Na uje mapema, kabla ya msafara wa Wajir. Watu wa Olow nitawajibu mwenyewe. Itakuwa vigumu, maji ya kisima chao nimeyanywa miaka yote hii. Sijasema ndiyo, Keinan. Nimesema uje uulize."

Filimbi ya kwanza ya kafyu ililia huko nje. Watu walijazana mlangoni, wakitafuta viatu, wakimlaani Mpiga Ngumi kwa kufa mapema. Fundi alikata kamba, shuka likaanguka chini, na pale lilipokuwa wakabaki Keinan na Abshiro wakitazamana, hakuna kitu katikati.

Alikuwa na jasho na vumbi, na shati limeingia doa la karanga. Abshiro hakuwahi kumwona mzuri kama saa ile.

"Umepiga kelele mbele ya mji mzima," Keinan alisema kwa sauti ya chini.

"Nimepiga."

"Watakusema."

"Wamekusema wewe muda wote na nilikuwa nasikia. Sasa ni zamu yangu."

"Unaogopa?"

"Sana. Kama watu wa Olow wakifika mapema? Kama Aabo akilala akaamka na moyo mwingine?" Aliuma mdomo. "Mbona hukusema tu kwamba ni kwa ajili ya Mungu?"

"Uliniambia nisiongeze neno."

Abshiro alitaka kucheka, akajikuta macho yamejaa machozi. Filimbi ya pili ikalia, karibu zaidi. Kaltun alimshika mkono, na safari hii hakuwa na utani. "Twende, mwanangu. Twende, askari wanakuja."

Nje mwanga ulikuwa mwekundu na njia ya kwenda mtaa wa Galbet ilikuwa imejaa watu wanaokwenda haraka. Mzee Salat alikuwa mbele kabisa, hatua ndefu, fimbo begani. Abshiro alijaribu kuongeza mwendo lakini umati ulimzuia. Alijua baba yake alikuwa hajamtazama tangu alipopaza sauti, na hilo lilimwuma kuliko ambavyo matusi yangemwuma.

Watu walimpita. Wengine waligeuka kumtazama, wakanong'onezana. Alitembea na uso wake wazi, akiwaza juu ya alfajiri na jinsi ilivyo mbali.

Alipoinua macho, baba yake alikuwa amesimama katikati ya njia, umati ukimpita huku na huku, filimbi zikilia nyuma. Alikuwa akimngoja.